Swichi ya siri ya pampu ya mafuta kwenye Corolla 100: uzoefu wangu na fundi wa Kizota

Gari langu ni Corolla 100 ya petroli na linalala nje, Nkuhungu hapa Dodoma, kwenye kiwanja kisicho na geti. Nilitaka swichi ya siri ya kukata moto (umeme) wa pampu ya mafuta, ili hata mwizi akiweza kuwasha, gari limzimikie mita chache mbele, presha iliyobaki kwenye mpira wa mafuta ikiisha. Kazi hiyo imefanywa mara mbili, na mafundi wawili.

Gereji ya kwanza walikata waya wa moto wa pampu, wakauvuta mpaka chini ya usukani na kufunga kiswichi kidogo cha kubonyeza, vile vya taa za urembo. Wakasokota, wakapiga teipu, wakasema tayari. Hapa mjini sikuona tatizo. Nilipokwenda Iringa, kupanda mlima Nyang'oro na abiria na mzigo, gari likaanza kupiga misi, yaani injini inakatakata. Nakanyaga mafuta, halivuti. Nikaweka kidole kwenye swichi: inachoma, plastiki imelainika, na ndani kunanuka waya unaoungua. Humo ndani kulikuwa na watoto. Kazi ya namna hiyo si ya kumfanyia mtu na kumtoza hela.

Fundi wa Kizota niliyeelekezwa baadaye hakushika koleo kwanza, alishika multimita, kile kipimo cha umeme. Injini ikiwa inanguruma, betri ilisoma volti 13.8, kwenye soketi ya pampu chini ya siti ya nyuma, 10.6. Volti tatu zilikuwa zinapotelea kwenye kile kiswichi na maungio ya kusokota. Akanieleza kwamba pampu ya gari dogo hula ampea 4 hadi 7 muda wote injini inapofanya kazi, na ikipata moto pungufu huzunguka polepole na presha ya mafuta hushuka. Ndiyo maana mlimani, injini inapodai mafuta mengi, gari lilikuwa linakosa nguvu.

Alichofanya ni kurudisha waya wa pampu kwenye njia yake ya asili na kuweka relei ya miguu minne pale pale ulipokatwa; relei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mguu wa 30 ukapokea moto wa pampu, 87 ukaupeleka kwenye pampu. Mguu wa 86 akaupa moto wa ufunguo kupitia fyuzi ndogo, na 85 akaupeleka ethi (bodi ya gari, upande wa hasi) kupitia swichi ya siri. Kwa hiyo swichi haibebi tena mzigo wa pampu, inabeba umeme wa koili ya relei tu, ambao haufiki hata robo ya ampea. Na kwa kuwa ni waya wa ethi, ukichubuka na kugusa bodi hakuna shoti. Relei inabaki imeshika na gari linaendelea na safari. Hilo lilinifurahisha sana.

Niliuliza kama anaweza kuipa pampu moto moja kwa moja kutoka betri, iwe na nguvu zaidi. Akakataa katakata. Relei ya kiwandani husimamiwa na kontroli boksi (kompyuta ya injini), na injini ikizima, tuseme gari limegonga, pampu inasimama. Ukiiruka, mpira wa mafuta ukikatika kwenye ajali pampu itaendelea kumwaga petroli. Mwenye gari la EFI, yaani linalopuliziwa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, asikubali njia hiyo hata akiambiwa ni rahisi.

Maungio aliyachomelea kwa risasi na kuyavika mpira wa kubana kwa joto. Relei ameifunga miguu ikitazama chini ili vumbi letu la Dodoma na maji ya kuoshea gari visitulie kwenye soketi. Alipomaliza akapima tena: 13.3 kwenye pampu. Nimeshapanda Nyang'oro tena na mzigo, gari linavuta vizuri na swichi ni ya baridi.

Kasoro zipo. Nyaya zote alizoongeza ni nyekundu, hata ule wa ethi, na hakuna alama yoyote. Fundi mwingine akifungua atahangaika. Nilisubiri kuanzia asubuhi, kazi ikaanza mchana. Bei ilikuwa shilingi 45,000 pamoja na vifaa, na kwa kazi ile naona ni halali. Alinionyesha pia namna ya kuchomoa relei na kuunga 30 na 87 kwa kipande cha waya mnene ikinifia porini, na kipande chenyewe akaniachia kwenye dashibodi.

Shemeji yangu mwenye Hiace ya dizeli alitaka afungiwe hivyo hivyo. Jibu alilopata ni kwamba dizeli za zamani hazina pampu ya umeme ya kukata. Kinachokatwa ni moto wa solenoidi (vali inayofunguliwa kwa umeme) iliyo kwenye pampu ya dizeli, na hapo injini inazima papo hapo. Amepangiwa Jumamosi, na nimemwambia aombe nyaya za rangi tofauti.