Mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa ya Marekani kwa njia ya video, ukiwa Dar es Salaam

Huduma ninayoitathmini hapa ni mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa ya Marekani (yaani redio ya watu wanaowasiliana hewani kwa kujifurahisha, si kwa biashara), ambao niliufanyia nyumbani Mwananyamala, kwa njia ya video, mbele ya wasimamizi wa kujitolea walioko California. Kwa usimamizi naipa alama za juu kabisa. Kwa manufaa yake kwa mkazi wa Dar es Salaam, nina masharti ya kuweka.

Sheria za Marekani hazimtaki mtahiniwa awe raia. Zinamzuia tu mwakilishi wa serikali ya kigeni. Anachotakiwa kuwa nacho ni namba ya usajili kutoka FCC, yaani tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, pamoja na barua pepe na anwani ya posta iliyo ndani ya Marekani. Anwani hiyo ndiyo kikwazo cha wengi wetu. Mimi nilimwomba binamu yangu anayeishi Houston, na ningemshauri kila mtu atafute ndugu asiyehamahama, kwa kuwa barua ya tume ikirudishwa bila kupokelewa, leseni inaweza kufutwa.

Mtihani wa daraja la kwanza, Technician, una maswali 35, na anayepata 26 amefaulu. Maswali hayo huchotwa katika hazina ya maswali zaidi ya 400 ambayo imetangazwa hadharani pamoja na majibu yake, hivyo mwenye bidii anaweza kukariri yote bila kuelewa. Huo nauona kuwa udhaifu wa mfumo wenyewe, wala si wa wasimamizi: anayetaka kufahamu kwa nini antena ya nusu wimbi ya megahezi 146 huwa na urefu wa karibu mita moja, itambidi asome fizikia kando.

Usimamizi ulikuwa mkali na wa heshima. Wasimamizi watatu walikagua pasipoti yangu, wakanitaka niwazungushie kamera chumba kizima, nioneshe kwamba masikio hayana kitu, kisha niiweke simu mahali inapoiona meza na mlango kwa pamoja. Lalamiko langu ni kwamba tangazo lao lilitaja saa za California peke yake. Saa kumi na mbili jioni ya kule ni saa kumi alfajiri ya siku inayofuata huku kwetu, na wanaporudisha saa zao nyuma majira ya baridi huwa saa kumi na moja. Niliwaeleza mapema kuhusu adhana, nao hawakuwa na neno iliposikika. (Uniti za LUKU nazo zihakikishwe jioni yake.) Matokeo nilipewa palepale.

Tume hutoza dola 35, ada iliyoanza mwaka 2022, na hulipwa ndani ya siku 10 baada ya kupokea taarifa yao. Leseni hudumu miaka 10. Ada ya timu za mitihani hutofautiana, na zipo zisizotoza chochote.

Sasa masharti yangu. Leseni hiyo haikupi ruhusa ya kurusha mawimbi ukiwa Dar es Salaam. Ruhusa ya hapa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, yenye makao yake Barabara ya Sam Nujoma, na alama za mwito za nchi yetu, yaani majina ya vituo hewani, huanza na 5H. Cheti cha Marekani unaweza kukiambatisha kwenye maombi kama ushahidi wa elimu, lakini uamuzi ni wa Mamlaka. Zaidi ya hapo, mtihani unakufundisha mipaka ya masafa ya bara la Amerika, ambako bendi ya mita mbili, mojawapo ya mafungu ya masafa ya redio ya ridhaa, hufika megahezi 148, wakati katika kanda yetu ya kimataifa huishia 146. Anayezoea mipaka ya kule bila kuisahihisha anaweza kujikuta kwenye masafa ya watu wengine.

Technician pia humpa mtu nafasi finyu sana kwenye mawimbi mafupi, na hayo ndiyo yanayovuka bahari. Timu iliyonisimamia iliniruhusu kujaribu daraja la pili, General, katika kikao hicho hicho bila kulipa tena, kwa hiyo nakushauri usome yote mawili kabla ya kujiandikisha.