Harusi ya mwezi Julai Mtwara: tathmini ya huduma tulizolipia

Tathmini hii inahusu huduma ambazo mimi na mume wangu tulilipia kwa ajili ya harusi yetu iliyofanyika Magomeni, Mtwara mjini, kwa bajeti ya shilingi milioni nne ambayo ilitakiwa kutosha chakula cha watu mia mbili, viti na maturubai, mapambo, mavazi, picha, na usafiri wa ndugu wa mume kutoka Masasi. Mahari, posa na shughuli za ndani za kina mama nimeziacha kando, kwa kuwa hayo ni ya familia na hayana mfanyabiashara wa kupimwa. Watoa huduma sijawataja kwa majina, wazuri na wabaya pia, lakini nimeeleza kazi zao kwa undani wa kutosha ili bibi harusi mtarajiwa ajue la kuuliza kabla hajatoa kianzio.

Ni lazima nianze na mwezi wenyewe, kwa sababu kwetu mwezi huamua bei kabla mfanyabiashara hajafungua mdomo. Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha zinapoingia kwenye akaunti za wakulima, Novemba na Desemba zinakuwa miezi ya harusi karibu kila mtaa, kiasi kwamba turubai moja hugombewa na shughuli tatu za Jumamosi moja na mwenye nalo hana sababu yoyote ya kupunguza hata shilingi elfu moja. Julai hali ni kinyume kabisa. Mkulima yuko shambani akipuliza dawa ya salfa, fedha yake imeganda kwenye mikorosho, na wakodishaji wa vifaa vya sherehe wanapita siku bila kupigiwa simu. Viti vyenye vitambaa ambavyo tulitajiwa Sh 1,500 kwa kimoja kama tungefunga ndoa Desemba, tulivipata kwa Sh 800, na maturubai mawili tuliongezewa moja bila malipo kwa sababu mwenyewe alisema lingekaa tu stoo.

Wazee kadhaa wa upande wetu walipinga, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: ukifunga ndoa Julai, bei inashuka lakini michango nayo inashuka, kwa kuwa mjomba aliyeko Tandahimba hawezi kuchangia laki mbili kabla hajauza mzigo. Ni kweli. Kadi zetu nyingi zilirudi na nusu ya ahadi, na nyingine zilirudi na salamu tu. Hata hivyo naona ni salama zaidi kupanga sherehe kwa fedha iliyopo mkononi kuliko kuipanga kwa fedha inayosubiri mnada. Msimu wa 2018/2019, serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walikaa muda mrefu wakisubiri malipo yao, na mtu aliyekwisha kulipia ukumbi kwa kutegemea fedha ile alikuwa kwenye hali ngumu kuliko sisi na kadi zetu za salamu.

Ukumbi wa kulipia hatukuutumia. Tulitumia uwanja wa nyumba ya bibi, ambao ni mpana na una mwembe upande wa mashariki, jambo linalowezekana Julai kwa kuwa mvua za kusini huwa zimekwisha. Anayefikiria kufanya hivyo asisahau upepo. Kusi huvuma kwa nguvu miezi hiyo, hasa kuanzia saa nane mchana, na nitaeleza chini jinsi ulivyomuumbua mpambaji wetu.

Huduma iliyonifurahisha kuliko zote ni ya wapishi. Mwanzoni tuliomba bei kwa mtoa huduma wa chakula anayehudumia mikutano ya ofisini, akatutajia Sh 12,000 kwa sahani, yaani milioni mbili na laki nne kwa wageni wetu wote, zaidi ya nusu ya bajeti nzima. Tukaachana naye kwa heshima na kwenda kwa kikundi cha kina mama wa hapo hapo Magomeni ambao hupika kwenye misiba, maulidi na harusi, na ambao hulipwa ufundi tu huku mwenye shughuli akinunua vitu mwenyewe. Ufundi wao ulikuwa Sh 250,000. Tukijumlisha mchele kilo thelathini na tano, nyama kilo hamsini, viazi, viungo, mafuta, kuni na matunda ya juisi, gharama yote ya chakula haikufika milioni moja na laki mbili.

Bei, hata hivyo, si sababu pekee ya kuwasifu. Kiongozi wao, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuja kukagua mchele wiki mbili kabla ya siku yenyewe, akachukua punje kidogo, akazitafuna, kisha akamwambia mama yangu kwa upole, "Dada, huu ni mchele mpya, ukiupikia pilau ya watu wengi utapata bokoboko." Alieleza kwamba mchele uliovunwa karibuni bado una unyevu na hushikana kwenye sufuria kubwa, wakati uliokaa ghalani tangu mwaka uliopita hunywa supu na kubaki umechambuka. Tulibadilishana na muuza duka wa Soko Kuu kwa kuongeza fedha kidogo, na siku ya harusi pilau ilitoka punje kwa punje, yenye rangi ya kahawia ya vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaiva kweli, bila ile rangi ya kudanganyia. Sijui ni mtoa huduma gani wa kulipwa kwa sahani ambaye angejisumbua kutafuna mchele wa mteja.

Ni wao pia walioshauri tutumie masinia badala ya sahani. Watu watano kwa sinia moja ni masinia arobaini tu, yanaazimwa msikitini kwa sadaka ndogo, na chakula hakipotei kama kinavyopotea pale kila mgeni anapojipakulia mlima asioweza kuumaliza. Wenzake mume wangu wa ofisini, baadhi yao wakiwa wageni katika pwani hii, tuliwawekea sahani na vijiko. Nusu yao walihamia kwenye masinia wenyewe kabla sala ya alasiri haijaadhiniwa. Badala ya vitafunwa vya kuagiza, tulipanga visheti pamoja na korosho za kukaanga, na hizo korosho tulinunua vipande, ambavyo ladha yake ni ile ile ya korosho nzima na bei yake ni ndogo zaidi.

Kasoro za wapishi zipo, nazo ni mbili. Kwanza, hawagawi chakula; kazi yao inaishia pale sufuria inapofunuliwa, kwa hiyo mwenye shughuli aandae vijana wa kubeba na kunawisha mikono, la sivyo wageni watakaa wakinusa tu. Pili, wana desturi ya kutenga chungu kizima cha kwenda nacho nyumbani, jambo ambalo ni haki yao kwa mila ya hapa, lakini ni vizuri likazungumzwa mapema ili kiasi kijulikane, kwa sababu shangazi yangu aliyekuwa akihesabu masinia alikaribia kugombana nao mbele ya wakwe.

Sasa nifike kwa mpambaji. Huyu ana duka lenye vioo, ana kijana wa kupokea wateja, na ana simu iliyojaa picha za majukwaa yenye maua hadi darini. Kifurushi chake cha Sh 900,000 alikishusha hadi Sh 600,000 kwa sababu ya msimu, kikiwa na jukwaa la maharusi, viti viwili vikubwa, pazia la nyuma, taa, zulia na maua. Kwa mtazamo wa haraka ulikuwa ununuzi mzuri. Tatizo la biashara hii, na nimeuliza maharusi wengine wakaniambia hivyo hivyo, ni kwamba mteja huuziwa picha, na picha hizo mara nyingi si za kazi ya anayeuza. Nilipomwomba anioneshe pazia lenyewe nililochagua, aliniambia liko kwenye shughuli nyingine. Nilipomwomba tena, lilikuwa linafuliwa.

Kwa bahati njema mume wangu ni karani kwa kazi na kwa tabia, na alikataa kutoa kianzio mpaka kila kitu kiandikwe: rangi ya pazia, idadi ya taa, urefu wa zulia, saa ya kumaliza kupamba. Mpambaji alitia sahihi huku akicheka kwamba harusi si zabuni ya serikali. Siku ilipofika, taa zilikuwa pungufu, maua ya plastiki yalikuwa na vumbi la shughuli zilizotangulia, na fremu ya jukwaa ilisimamishwa kwenye mchanga bila mifuko ya kuizuia wala kamba ya kuifunga. Kusi ilipoanza kuvuma mchana, fremu iliinama taratibu, ikaegemea kiti cha bwana harusi ambacho kwa rehema za Mungu kilikuwa bado kitupu. Binamu zangu waliing'oa, wakaifunga kwenye mwembe, kisha wakafunika pazia lililochanika kwa makuti mabichi yaliyosukwa na asumini alizoleta jirani. Wageni wengi walisifia sehemu hiyo na kuuliza imegharimu kiasi gani.

Salio lake tulilikata Sh 150,000 kwa kufuata orodha ile yenye sahihi. Alilalamika, akatukumbusha kwamba Desemba tusingempata kwa bei hiyo, lakini hakuweza kukana mwandiko wake. Sitampa kazi tena, na ninayemshauri atumie wapambaji wa aina hii ningemwomba akakague vifaa stoo kwa macho yake, ailipie kazi nusu kabla na nusu baada ya kukagua, na amwulize mpambaji atazuiaje upepo kama shughuli iko nje. Mpambaji asiye na jibu la swali la upepo katika mji wa pwani hajui kazi yake.

Gauni nilikodi hapa hapa mjini kwa Sh 150,000 pamoja na amana, ingawa marafiki walisisitiza niagize Kariakoo ambako chaguo ni kubwa. Sikutaka kuweka gauni langu kwenye basi la safari ya zaidi ya kilomita mia tano, nikikumbuka jinsi barabara ilivyokatika Somanga wilayani Kilwa Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mizigo na abiria wakakwama. Gauni la kukodi lilikuwa safi, lilinikaa vizuri baada ya kubanwa kiunoni, na kero yake pekee ilikuwa sharti la kulirudisha kabla ya adhuhuri ya siku inayofuata. Hina na piko alinichora somo wangu, na kazi ya mshereheshaji aliifanya kaka yangu, ambaye hajui kutania lakini anajua kunyamaza watu wakitaka kula.

Taarifa ya ndoa tuliipeleka mapema, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka msajili apewe taarifa siku 21 kabla, na sheikh aliyetufungisha hakuwa tayari kulifumbia macho hilo. Familia mbili zilikubaliana pia kuunganisha karamu ya nikahi na walima ya upande wa mume kuwa sherehe moja. Uamuzi huo uliokoa fedha kuliko punguzo lolote la mfanyabiashara, japokuwa ulihitaji mshenga mwenye subira nyingi. Kosta iliyowaleta ndugu kutoka Masasi ilifika kwa wakati, na dereva hakuomba nyongeza.

Mpiga picha nampa alama za juu, nyuma kidogo tu ya wapishi. Alitoza Sh 350,000 kwa picha na video fupi, akakataa pendekezo la kutupeleka kwenye bustani ya kulipia, na badala yake akatupeleka Mikindani asubuhi, wakati mwanga bado laini, tukapiga picha kwenye vichochoro vya nyumba za kale za mawe, na nyingine kwa mbali tukiwa na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 juu kilimani. Anajua kupanga watu wazima bila kuwaamuru. Bibi yangu, ambaye huwa hakubali kupigwa picha, yumo kwenye nyingi na anacheka. Alikubali kulipwa salio baada ya kukabidhi kazi, na alikabidhi siku aliyoahidi. Ninachomlaumu ni albamu ya kuchapishwa, ambayo alitaka iagizwe Dar es Salaam kwa Sh 180,000 zaidi na ambayo hakuitaja tulipokuwa tunapatana bei. Tuliikataa, tukachapisha picha chache kwenye studio iliyo karibu na Soko Kuu kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, na rangi zake hazina tofauti ninayoweza kuiona.