Mnyoo wa plastiki wa inchi 5: uzoefu wangu wa msimu mmoja

Kwa msimu mzima nimevua besi wa mdomo mkubwa, samaki wa maji baridi, kwa chambo bandia: minyoo ya plastiki laini ya inchi 5, ile iliyonyooka kama kalamu na isiyo na mkia wa kuchezacheza, na nakiri kwamba nusu ya kwanza ya msimu huo niliilaumu bidhaa kwa makosa yaliyokuwa ya mikono yangu.

Ukiushika mkononi, mnyoo huu hauna mvuto wowote. Siri yake ni chumvi iliyochanganywa na plastiki, ambayo huupa uzito wa kutosha kuzama polepole bila chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi), huku ncha zake mbili zikitetemeka. Samaki wengi waliuchukua wakati huo wa kuzama, kabla sijagusa hata mpini wa kuvutia mshipi, kwa hiyo mvuvi asiye na subira atautupa bure.

Kwenye magugu niliuvika kwa mtindo wa Texas, nikitumia ndoana pana ya namba 3/0 iliyopinda shingoni. Ncha ya ndoana huingia kichwani mwa mnyoo kiasi cha nusu sentimita, hutokezea ubavuni, kisha ndoana huvutwa hadi shingo yake ijifiche, ikageuzwa, na ncha ikachomwa tena mwilini ili isinase majani. Kosa langu lilikuwa kuchoma mara ya pili kwa kukisia: mnyoo ukajikunja, ukazunguka majini kama pia, na mshipi ukasokoteka vibaya. Siku hizi kwanza huilaza ndoana ubavuni mwa mnyoo, nikaona mpindo wake unapoangukia, ndipo nikachoma hapo hapo. Tangu nianze kufanya hivyo, besi wale wale niliodhani wameshiba walianza kudona.

Palipokuwa na majani mazito niliongeza chubwi chenye umbo la risasi cha gramu 7, ingawa chubwi huharakisha mzamo na kuiua ile mitetemo, ambayo ndiyo sababu ya kuuchagua mnyoo huu. Kwenye maji ya wazi niliutoboa katikati tu na kuacha ncha zote mbili zining'inie. Mtindo huu ulinipa samaki wengi zaidi, lakini pia ulimaliza pakiti haraka, kwa kuwa plastiki yenye chumvi nyingi ni dhaifu na mnyoo mmoja hukatika baada ya samaki wawili au watatu. Kipete cha mpira kinachovishwa kiunoni, ndoana ikapita chini yake, kilipunguza hasara hiyo sana.

Kuhusu rangi sina maneno mengi: kijani cha maboga kwenye maji maangavu, nyeusi yenye buluu kwenye maji ya tope. Jambo lililonigharimu zaidi ni kisanduku cha kuhifadhia chambo. Niliichanganya minyoo hii na chambo vya plastiki nyingine, ile inayovutika sana na kuelea, nikavikuta vimeyeyukiana na kuwa donge moja. Kila aina sasa inabaki kwenye pakiti yake.

Nitainunua tena kwa sehemu ambazo nina hakika samaki wapo. Kwa kutafuta samaki kwenye eneo kubwa, mnyoo huu ni wa polepole mno, na huko natumia chambo chenye mkia unaopiga maji.