Ford Super Duty, Ram HD na Silverado HD: Pikapu Ipi Inalifaa Trela Lako

Kwa anayetafuta riziki kwa kuvuta trela zito, Marekani ina pikapu tatu zinazostahili kulinganishwa: Ford Super Duty, Ram Heavy Duty na Chevrolet Silverado HD, ambayo ina pacha wake GMC Sierra HD. Kila kampuni hutanguliza takwimu moja katika matangazo yake, nayo ni uzito wa juu kabisa ambao gari linaweza kuvuta. Ford inataja paundi 40,000 (takriban kilo 18,140) kwa F-450, Chevrolet inataja paundi 36,000 kwa Silverado 3500HD, na Ram 3500 ya mwaka 2021 ilitangazwa kwa paundi 37,100. Takwimu hizo si za uongo, ila ni za gari ambalo wanunuzi wachache huondoka nalo: kabini ya milango miwili, isiyo ya 4x4, yenye tairi pacha nyuma, na trela lililofungwa katikati ya bodi juu ya ekseli. Ukiongeza milango miwili, mfumo wa 4x4 na viti vya ngozi, uzito wa gari lenyewe hupanda na uwezo wake wa kuvuta hushuka.

Kwa maoni yangu, takwimu inayopaswa kuamua ununuzi imeandikwa kwenye stika iliyobandikwa katika nguzo ya mlango wa dereva, ile inayosema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi paundi ngapi. Trela linalofungwa nyuma ya bampa hulaza kwenye gari kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake, na linalofungwa katikati ya bodi hulaza kati ya asilimia 15 na 25. Uzito huo wote huhesabiwa kama mzigo wa gari, sawa na mifuko ya saruji uliyoipakia kwa mikono yako.

Tuchukue mfano wa pikapu ya daraja la 2500, au F-250 kwa upande wa Ford, yenye injini ya dizeli, milango minne na 4x4, ambayo kikomo chake cha uzito wote ni paundi 10,000. Ikiwa gari lenyewe, tangi likiwa limejaa, lina paundi 7,700, zinabaki 2,300. Watu wanne wazima watachukua takriban 600, na kile kiunganishi cha chuma kinachofungwa ndani ya bodi kitachukua 150 au 200. Sasa zimebaki kama 1,500. Ukilifunga trela la paundi 14,000 ambalo asilimia 20 ya uzito wake inakaa juu ya ekseli, umeongeza paundi 2,800, karibu mara mbili ya nafasi uliyokuwa nayo. Jambo la hatari ni kwamba injini haitakuambia kitu. Italivuta trela hilo bila kulalamika, na dereva ataamini kwamba yuko salama, ilhali springi za nyuma zimelala, magurudumu ya mbele yamepungukiwa na mshiko, taa zinamulika angani, na tairi za nyuma zinapata joto lisilowafaa.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu kwa yeyote anayenuia kuvuta trela kubwa la katikati ya bodi ni kuacha kabisa daraja la 2500 lenye dizeli na kwenda moja kwa moja kwenye 3500 au F-350. Tofauti ya bei ni ndogo ukiilinganisha na bei ya gari zima, bodi ni ileile, injini ni ileile, na kinachoongezeka hasa ni springi, ekseli na kikomo cha uzito. Chevrolet inastahili sifa hapa, kwa kuwa baadhi ya matoleo ya sasa ya Silverado 2500HD yana kikomo kinachozidi paundi 11,000, jambo linalompa mnunuzi nafasi ambayo F-250 na Ram 2500 nyingi hazikuwa nayo kwa miaka mingi. Kwa mzigo wa kupakia, Ford ndiyo iliyosonga mbele zaidi: F-350 ya tairi pacha, ikiwa na kabini fupi na injini ya petroli, imetangazwa kwa paundi 8,000, na inabeba kuliko hata F-450 iliyo juu yake kwa jina. Mwenye biashara akumbuke pia kwamba, kwa sheria ya Marekani, jumla ya kikomo cha gari na trela ikizidi paundi 26,000, na trela lenyewe likizidi 10,000, dereva anahitaji leseni ya kibiashara ya daraja A.

Kuhusu injini za dizeli, hapa ndipo wapenzi wa kila kampuni hugombana zaidi, na ni haki yao, kwa sababu injini hizi tatu hazifanani hata kidogo. Ya Ram ni Cummins ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Iliingia kwenye pikapu za Dodge, jina lililotumika kabla ya Ram kujitegemea, mwaka 1989 ikiwa na ujazo wa lita 5.9, ikakua hadi lita 6.7 mwaka 2007, na mpangilio wake haujabadilika tangu mwanzo. Fundi akifungua boneti hukuta silinda hedi moja, gasketi moja, na vitu vingi vinavyofikika kwa mkono bila kung'oa nusu ya gari. Kwa Ram za mwaka 2025 injini hiyo inatoa nguvu za farasi 430 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ya paundi-futi 1,075, ikiwa na giaboksi ya gia nane badala ya zile za gia sita zilizotangulia. Mabadiliko hayo ya giaboksi yalichelewa mno, kwani kwa miaka kadhaa Cummins ilikuwa injini nzuri iliyounganishwa na gia zilizoachana sana, na dereva aliyekuwa akipanda mlima na mzigo alilazimika kuchagua kati ya mngurumo mkubwa na mwendo wa kuzimia.

Ford, baada ya kutumia kwa muda mrefu injini zilizotengenezwa na kampuni ya Navistar, na baada ya ile ya lita 6.0 ya miaka ya 2003 hadi 2007 kuwaachia wamiliki wengi bili za gasketi za silinda hedi, ilijitengenezea yenyewe Power Stroke ya lita 6.7 kwa matoleo ya mwaka 2011. Hii ni V8, na tangu 2023 ile ya kawaida inatoa nguvu za farasi 475 na paundi-futi 1,050, na ile yenye nguvu zaidi inafika farasi 500 na paundi-futi 1,200. Hakuna mshindani anayeifikia kwa takwimu hizo. Gharama yake huonekana gereji, kwa kuwa nafasi chini ya boneti ni finyu na kazi nyingine kubwa huwafanya mafundi wanyanyue kabini nzima kutoka kwenye chesisi. Duramax ya Chevrolet na GMC, nayo ni V8, ya lita 6.6, ilianza na matoleo ya 2001 kwa ushirikiano na Isuzu, ikafanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2017, na kuanzia 2024 inatoa farasi 470 na paundi-futi 975. Kwenye karatasi ndiyo dhaifu kwa torki, lakini ni tulivu, haina makelele ndani ya kabini, na gia zake kumi hubadilika kwa ulaini ambao abiria hausikii.

Mahali pazuri pa kuelewa tofauti hizo ni mlima wa Davis Dam huko Arizona, kwenye barabara ya jimbo nambari 68, ambapo kampuni zote tatu hupima magari yao kwa kufuata kipimo cha wahandisi kinachoitwa SAE J2807. Mpando una urefu wa maili 11.4. Kiyoyozi lazima kiwashwe hadi mwisho, joto la nje lisiwe chini ya nyuzi 100 za Farenhaiti (karibu 38 za Selsiasi), na gari lenye tairi moja moja nyuma halipaswi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Lenye tairi pacha limeruhusiwa kufika 35. Kipimo hichohicho hutaka gari lianze kutembea kutoka kusimama kwenye mwinuko wa asilimia 12, mbele na kinyumenyume, mara kadhaa mfululizo. Kabla ya kipimo hicho kukubalika, kila kampuni ilijipangia masharti yake, na mnunuzi hakuwa na njia ya kulinganisha ahadi moja na nyingine.

Hata hivyo kupanda si nusu ya habari. Mwenye trela zito huogopa kushuka, na hapo breki ya egzosi ndiyo inayomtenganisha dereva aliyetulia na anayenusa harufu ya breki zilizoungua. Katika injini hizi, mapezi madogo ndani ya tabo, kifaa kinachoendeshwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, hujifunga na kuubana moshi usitoke, shinikizo linarudi kwenye silinda, na injini inaanza kulizuia gari badala ya kulisukuma. Zote tatu zinafanya kazi hiyo vizuri, lakini Cummins ina sifa ya muda mrefu kwa wavutaji: inashika mapema, kwa mizunguko ya chini, na dereva husikia mshiko huo kwenye kiti kabla hajaigusa pedali ya breki. Ford na Duramax hutegemea zaidi giaboksi kushuka gia chache ili injini izunguke haraka, na makelele yanapanda nayo.

Yapo makosa ya kweli ambayo mnunuzi lazima ayajue. Pampu ya Bosch aina ya CP4, inayosukuma dizeli kwa shinikizo kubwa kwenda kwenye nozeli, ikijisaga husambaza unga wa chuma katika mfumo wote wa mafuta, na matengenezo yake ni kubadilisha karibu kila kitu kilichopitiwa na dizeli. Duramax za 2011 hadi 2016 zilikuwa nayo, kisha Chevrolet ikahamia kwenye pampu ya Denso. Ram iliiweka kwenye matoleo ya 2019 na 2020, ikayaita magari hayo yarudishwe, na kurudi kwenye aina ya zamani ya CP3. Ford iliichukua tangu Power Stroke ya 2011, kwa hiyo mwenye Ford ya dizeli asichelewe kubadilisha filta wala kumwaga maji yanayokusanyika kwenye kichujio. Cummins nayo ina doa lake: mwaka 2024 ilifikia makubaliano na serikali ya Marekani ya kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kuhusu vifaa vya kukwepa vipimo vya moshi kwenye mamia ya maelfu ya injini za Ram za kuanzia mwaka 2013.

Watu wengi wanaonunua dizeli wangefaidika zaidi na petroli. Dizeli huongeza bei kwa karibu dola 10,000 au zaidi, hulifanya gari kuwa zito na hivyo kula nafasi ya mzigo, hudai maji ya urea ya kusafisha moshi, na kichujio chake cha masizi huziba upesi kwa gari la safari fupi na la kungoja injini ikiwaka. Fundi wa mabomba au mjenzi anayebeba vifaa mjini na kuvuta trela la paundi 9,000 mara moja kwa juma anahudumiwa vizuri sana na Ford ya V8 ya lita 7.3, iliyoanza na matoleo ya 2020, yenye bloku ya chuma cha kusubu na muundo usio na mambo mengi. Inatoa farasi 430 na paundi-futi 485. Ya Chevrolet ya lita 6.6 ina farasi 401 na 464, na ya Ram ya lita 6.4 ina 405 na 429 kwa mwaka 2025. Petroli itakunywa zaidi ukiwa na trela, na kwenye milima mirefu itaishiwa pumzi kwa kuwa haina tabo, kwa hiyo anayefanya kazi juu milimani asinunue kwa bei peke yake.

Kwa namna gari linavyokaa barabarani, Chevrolet na GMC zimejitenga: magurudumu ya mbele hujitegemea, kwa hiyo gari tupu halirushi dereva na usukani hauhangaiki kwenye mashimo. Ford na Ram za 4x4 zina ekseli moja nzima mbele, ngumu na rahisi kutengeneza, lakini vifundo vyake vikichakaa usukani unaweza kutetemeka vibaya baada ya kugonga tuta, na wamiliki wa aina zote mbili wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka. Ram 2500 ina springi za koili nyuma badala ya springi za bapa, na hakuna pikapu nzito iliyo laini kama hiyo ikiwa tupu. Ikipakiwa, huinama mapema kuliko wenzake.

Kamera za Chevrolet ndizo bora, hasa ile inayoonyesha barabara ya nyuma kana kwamba trela halipo. Ford ina mizani ndani ya gari inayokadiria mzigo uliopakia, na kwa hoja niliyoianza nayo, naiona ni kifaa chenye manufaa kuliko skrini kubwa yoyote.

Kama ningekuwa navuta trela la paundi 20,000 kila siku kuvuka majimbo, ningechukua F-350 ya tairi pacha yenye dizeli. Anayenuia kukaa na gari miaka mingi na kulitengeneza mwenyewe, achukue Ram 3500 ya gia nane. Anayevuta mwishoni mwa juma na kuendesha gari tupu siku nyingine zote, Silverado au Sierra 3500HD ya tairi moja moja haitamchosha kama nyingine.

Anayenunua iliyotumika akague chini ya gari kabla ya kukubaliana bei. Wamiliki wengi waling'oa kichujio cha masizi na mfumo wa urea ili kupunguza matengenezo, jambo ambalo sheria ya Marekani ya hewa safi inalikataza. Bomba lililonyooka mahali ambapo kichujio kingekuwa, au tangi la urea lililofungwa bila nyaya, ni sababu ya kutosha ya kuondoka, kwa kuwa katika majimbo yenye ukaguzi wa moshi gari hilo halitapita, na kurudisha vifaa vyote kutamgharimu mnunuzi maelfu ya dola.