Marejeleo ya Bure Mtandaoni: Uanze na Kipi Kabla Bando Halijakata

Vya bure navyo vina gharama yake: bando na muda. Kwa hiyo nimevipanga vyanzo hivi kwa kipimo kimoja: je, utaondoka na makala nzima, au utaachiwa ikisiri halafu udaiwe dola ndipo usome iliyobaki?

Namba moja ni Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, ila ujue kuitumia. Wengi hubofya kichwa cha makala, wakafika kwa mchapishaji na kukuta wanatakiwa kulipa, wakaishia hapo. Ukiwa kwenye kompyuta, tazama kwanza upande wa kulia wa kichwa: palipoandikwa PDF, makala iko wazi. Pakiwa patupu, shuka chini ya maelezo ubofye kiungo cha matoleo yote. Mara nyingi mwandishi ameshaweka nakala kwenye hazina ya chuo chake, na utaisoma bila kutoa hata senti.

Inafuata AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998. Anayeandika kuhusu mihogo, malaria au elimu ya huku kwetu ataona humo mambo yasiyopatikana kirahisi kwingine. Jarida la Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limo, na makala zake ni za Kiswahili. Si majarida yote ni ya bure, basi angalia alama inayoonyesha kama ni la bure kabla ya kupakua. Wa isimu na fasihi waongeze Swahili Forum, jarida la Ujerumani lililo wazi kabisa.

JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma, naiweka ya tatu. Akaunti ya bure inakupa makala hadi 100 kila siku 30, ila ni kusoma kwenye skrini tu, kwa hiyo nakili hoja na namba za kurasa papo hapo. Kwa historia ni hazina kubwa.

Internet Archive ni ya vitabu: vingi huazimwa kwa saa moja. Kurasa zake ni picha na zinakula bando sana, hivyo ifungulie kwenye Wi-Fi ya chuo. Wikipedia itumie kujua pa kuanzia, kisha ufuate marejeleo yaliyo chini ya ukurasa.

Mwalimu wa shule Tanzania apange tofauti: kwake maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ndiyo ya kwanza, kwa sababu vitabu vya kiada vimo humo bure.

Na kabla hujalipia makala yoyote, muulize mkutubi kama chuo chenu kimejiunga na Research4Life, inayofungua majarida ya wachapishaji wakubwa kwa taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwemo. Inauma kuona mwanafunzi akitoa pesa ya kula kununua makala ambayo chuo chake tayari kinaipata. Nywila hupewa taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo usipouliza pale maktaba hutaipata.