Boti nzuri, ngazi ya nani? Uzoefu wangu wa kupanda boti Pemba

Nyota mbili. Nilikusudia nne, maana boti yenyewe sina la kuilaumu: imeondoka kwa wakati, viti vizima, vyoo visafi, Unguja tumefika mapema. Lakini safari haianzi kwenye kiti, inaanza gatini.

Kampuni siitaji, bandari nayo siitaji. Ilikuwa majuzi, siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kutoka kupita siku nyingine, kama saa nne asubuhi, maji yametoka mpaka mwisho. Gati ni la zege, halipandi wala halishuki. Boti inakwenda na maji. Kwa bamvu maji yetu hupishana karibu mita 4, kwa hivyo ngazi iliyolala sawasawa alasiri, asubuhi inasimama. Ngazi ya mita 8 ikishuka mita 3 huo ni mwinamo wa nyuzi 22. Kiti cha magurudumu kinataka mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kushuka. Piga hesabu mwenyewe.

Na ngazi yenyewe mbovu. Kichwa cha juu kimefungwa gatini kwa pini, cha chini kina magurudumu mawili ya chuma ili kitembee juu ya sitaha boti ikiyumba. Gurudumu moja limeganda kwa kutu. Basi kila wimbi likipita, upande mmoja unanyanyuka kisha unaanguka kwa kishindo. Dawa yake kuosha kwa maji matamu na kutia grisi kila wiki. Kopo moja la grisi!

Bibi mmoja mwenye bakora akakwama katikati, hawezi mbele hawezi nyuma. Kijana wa boti akamwambia, "Bibi, ngazi si yetu hiyo, ya bandari." Mlinzi wa bandari, macho kwenye simu: "Ngazi ya boti hiyo, waambieni wenyewe." Hata shikamoo hakuna, mkono haukunyooshwa. Wakamteremsha wachukuzi, akalipa mwanawe.

Hapo ndipo ubia wa serikali na watu binafsi unapopimwa. Sheria ya ubia Zanzibar tunayo tangu 2015, na kila tukisifia mafanikio tunahesabu boti, abiria na mapato. Ile hatua moja baina ya gati na sitaha haimo kwenye hesabu ya mtu. Mkataba unaofaa huandika ngazi ni mali ya nani, mwinamo usizidi kiasi gani, taa na mtu wa kusimama pale ni wa nani, na ikiharibika anakatwa nani fedha, kwa siku. Lisipoandikwa jina, kila upande utamsukumia mwenzake, na hakuna atakayekuwa amevunja mkataba. Tiba ya kudumu ni gati linaloelea, lenye daraja refu la bawaba: linapanda na kushuka pamoja na boti, hatua inabaki ile ile, iwe bamvu au maji mafu, zile siku maji yanapopishana kidogo. Hilo ghali, ndiyo, na ndiyo sababu ya kutafuta mbia mwenye mtaji.

Sitaki kudhulumu. Anayekumbuka kuzama kwa MV Spice Islander I Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012 hawezi kuibeza boti inayoondoka na abiria waliohesabiwa. Kwa hilo nilitaka kurudi kwenye nyota tatu. Lakini nikilikumbuka lile jibu la "si yetu", kwa mtu mzima anayetetemeka juu ya maji, na tiketi kalipa, na ada ya bandari kalipa, naona hata mbili nyingi. Moja.

Mwenye mzee au mgonjwa, achague maji mafu: tarehe 8 hadi 10, au 23 hadi 25 za mwezi mwandamo. Akilazimika kusafiri siku za bamvu, aikwepe boti ya saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Alasiri, kama saa kumi, maji yamejaa na ngazi imelala.