Juki DDL-8700 baada ya misimu miwili ya yunifomu

Mimi hushona mashati ya shule huku Kayole, karibu na Masimba, na cherehani hii nimekaa nayo misimu miwili ya Januari. Naipenda sana. Lakini wiki tatu za kwanza ilinivunja moyo, na kosa halikuwa lake.

Yangu ni ya mkono wa pili, shilingi 28,000 pamoja na meza na mota. Pesa zilitoka kwenye chama chetu, nikazilipa kwa miezi mitano. Nilikuwa nimefikiria Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, maana riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, ila mkopo wa mtu binafsi unarudishwa ndani ya siku 14, na hakuna cherehani inayojilipa kwa siku 14.

Muuzaji wa kwanza alinionyesha kichwa cha cherehani kilichopakwa rangi kikang'aa. Nilipozungusha gurudumu kwa mkono likawa linakwama palepale kila mzunguko. Nikaaga. Wewe pia zungusha kwa mkono kabla hujatoa hata shilingi. Kisha omba iwashwe, utazame kile kidirisha kidogo cha juu: mafuta yaonekane yakirukaruka. Yasiporuka, pampu haifanyi kazi, na mashine hii bila mafuta inajila yenyewe.

Inasemwa inafika mishono 5,500 kwa dakika. Sijawahi kuifikisha huko. Kilichobadilisha kazi yangu ni goti. Unasukuma wenzo kwa goti, ule mguu unaobana kitambaa unainuka, na mikono yote miwili inabaki kwenye kola. Kwa cherehani yangu ya kukanyaga, nikifika kwenye ncha ya kola ilinibidi niachilie mkono mmoja kuinua mguu, kitambaa kikateleza kidogo, na ncha moja ikatoka ndefu kuliko mwenzake. Katika kila kola kumi nilikuwa nafumua mbili. Sasa wiki inaweza kuisha sijafumua hata moja.

Sasa lile la kuvunjika moyo. Kwa ile ya zamani, mimi na binti anayenisaidia tulikuwa tunatoa mashati 14 kwa siku. Nilitarajia Juki inipe mara mbili. Ikanipa 17. Nilikuwa karibu kuchukua mkopo mwingine ninunue ya pili, na nashukuru nilimuuliza kwanza fundi wa mashine, mzee mmoja wa Kariobangi. Akaniambia, "Mama, hebu nionyeshe shati linalala wapi." Sikumwelewa, akanyoosha kidole kwenye kiti cha pembeni. Kulikuwa na mashati 22 yamekamilika kila kitu isipokuwa matundu ya vifungo.

Matundu yana mashine yake, Juki hii haiyatoboi, kwa hiyo yanatobolewa Gikomba. Binti alikuwa anapanda matatu kila siku na mashati kumi na kitu, anapanga foleni, anarudi saa tisa. Nusu ya siku yake ilikuwa inaishia njiani, na cherehani ya shilingi 28,000 ikinisubiri mimi nikate kitambaa, shati moja moja, kwa mkasi.

Basi nikachukua daftari na simu, nikapima kila hatua kwa siku nne. Baada ya hapo tukaanza kupeleka matundu mara mbili kwa wiki, mzigo mmoja mkubwa, tukifika kabla foleni haijajaa. Kukata tukahamishia Jumatatu na Alhamisi, kitambaa kimekunjwa tabaka kumi. Mashine ni ileile, watu ni walewale wawili. Tukafika mashati 31 kwa siku.

Ndiyo maana namsihi kila mwenye biashara ndogo apime kabla ya kukopa. Uchunguzi wa KNBS, shirika la takwimu la Kenya, wa mwaka 2016 ulikuta biashara ndogo na za kati milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa ndani ya miaka mitano, na sababu iliyoongoza ni kukosa pesa za kuendesha kazi. Ningenunua ile ya pili, Novemba ingenikuta na cherehani mbili nzuri na sina pesa ya kitambaa. Oda za Januari zingepita nikizitazama.

Kasoro yake? Mota iliyokuja nayo ni ile ya klachi, inavuma muda wote hata ukiwa umekaa unakunywa chai, na stima inakwenda. Niliibadilisha nikaweka ya servo, inayozunguka pale tu unapokanyaga, na token zikaanza kudumu. Ukipata inayouzwa tayari na servo, ongeza hizo pesa bila kusitasita. Pia ni nzito, kwa hiyo kama wewe ni wa kuhamahama na kibanda, fikiria mara mbili.

Watu wananiuliza kwa nini sijanunua mashine ya matundu sasa. Shati moja lina matundu sita, kila tundu shilingi 2, yaani 12. Katika msimu ni mashati 186 kwa wiki, shilingi 2,232 zinaenda Gikomba, na hapo inavutia kweli. Lakini kuanzia Machi nashona kama mashati 40 kwa wiki, shilingi 480 tu. Nimeandika hesabu hizo nyuma ya daftari na nitazirudia Oktoba, oda zikianza kuingia.